Alama Inapobeba Mzigo

Kisaki ziko mbili. Iko Kisaki Gomero, ya zamani, ya Wakutu na ya misafara ya karne ya 19; na iko Kisaki Stesheni, iliyozaliwa na reli ya TAZARA katika miaka ya 1970. Ukipanda gari Morogoro mjini ukasema unakwenda Kisaki, kondakta atakuuliza ipi. Kwa mdomo mambo yanaishia hapo. Kwenye karatasi ndipo wazimu unapoanza. Nimeona jina la hii ya pili likiandikwa Kisaki Stesheni, Kisaki-Stesheni, Kisaki/Stesheni, na mara moja, kwa wino wa bluu juu ya gunia la ufuta, KISAKI (STESHENI). Magunia yote yalifika.

Kistari kile, mkwaju ule na mabano yale yalikuwa yamedandia tu. Ungeyashusha, safari ingeendelea. Lakini ziko alama nyingine ambazo ukizishusha, mzigo wote unamwagika njiani. Swali langu ni hilo: alama ipi inabeba mzigo, ipi imedandia, na kwa nini jibu la Kiingereza si jibu la Kiswahili. Nalileta Kisaki kwa sababu mtoto wa huko, kama wenzake wengi wa shule za serikali Tanzania Bara, humaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Januari moja anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linageuka Kiingereza. Anaingia na nukta, mkato na ritifaa alizofundishwa alipokuwa mdogo. Kwa sura, alama za Kiingereza ni zilezile. Ndiyo maana anadanganyika.

Sisi tuliziita alama za vituo, na jina hilo lina utamu wake mahali penye reli. Kituo ni pale treni inaposimama. Kituo ni pale sentensi inaposimama. Katika shairi, kituo ni ule mshororo wa mwisho wa ubeti, unaorudi na kurudi. Hata Waingereza wa enzi za telegramu walikuwa wakiandika neno STOP mahali pa nukta, kwa hiyo hatuko peke yetu. Mwalimu wa shule iliyo karibu na reli ana mfano wa bure mkononi: nukta ni stesheni, treni inasimama, watu wanashuka, mkato ni pale dereva anapopunguza mwendo kukaribia daraja. Watoto wanacheka, wanapiga honi kwa midomo, wanaelewa. Nimewahi kuutumia mfano huo mimi mwenyewe, tena kwa kujivuna. Siku hizi nauonea shaka.

Si kwamba wazo la alama kuwa pumzi ni la kitoto. Ni la kale na lina heshima zake. Mnamo mwaka 200 hivi kabla ya Kristo, huko Aleksandria, Misri, msimamizi wa ile maktaba kuu, Aristophanes wa Bizantio, alikuwa na vitabu vya Kigiriki ambavyo maneno yake yaliandikwa yameshikana, bila nafasi kati ya neno na neno. Akabuni nukta za kumsaidia msomaji wa sauti: moja ya chini, moja ya kati, moja ya juu, kila moja na kipimo chake cha kutua. Wahabeshi nao, katika hati yao ya kale, walitenga maneno kwa nukta mbili zilizopandana na wakafunga sentensi kwa nukta nne.

Na mtoto wa Kisaki aliyepita madrasa kabla ya shule anazijua alama za kutua kabla hajajua zinaitwaje. Juu ya mistari ya msahafu kuna viherufi vidogo: mimu inamlazimisha asimame, lam-alifu inamkataza, jimu inamwachia hiari. Elimu hiyo ya waqfu, yaani ya kutua, ilikuwa na mabingwa wake, Sajawandi wa karne ya 12 akiwa mmoja wao, na ndani yake mna jambo ambalo mwalimu wa Kiingereza angelitamani: inasema wazi kwamba ukitua pasipofaa hukuharibu mahadhi tu, umeharibu maana.

Tenzi na mashairi ya pwani yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu hayakuwa na mkato wala alama ya kuuliza, na hayakuzihitaji. Vina ndivyo vilivyokuwa vituo. Sikio likikamata kina, linajua kipande kimefika mwisho. Mizani zikitimia, pumzi inatimia nazo. Kisha zikaja herufi za Kirumi na mitambo ya uchapaji ya misheni, Zanzibar ya mmisionari Edward Steere ikiwa mbele katika karne ya 19, na Kiswahili kikapokea alama zote za Kizungu kwa mkupuo, kama mtu anayenunua robota la mitumba bila kulifungua. Magazeti kama Mambo Leo, lililoanza 1923, yakamzoesha msomaji. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikasanifisha tahajia. Majina tukayatunga wenyewe, na majina hayo ni ushahidi: mkato, vitabu vya Kenya huuita pia kipumuo. Neno hilo linakiri kila kitu. Kwetu alama hii ni mahali pa kuvuta hewa.

Sasa chukua sentensi ya aina hii, ambayo utaikuta kila siku magazetini na kwenye barua za serikali: "Wanafunzi wote waliochelewa kufika shuleni siku ya Jumatatu, walifagia uwanja." Mkato ule umekaa kati ya kiima na kitenzi chake. Umekaa pale kwa sababu msomaji amesafiri mbali, amechoka, anataka kuvuta hewa kabla ya "walifagia". Mhariri mkali anaweza kuufuta, lakini hakuna aliyepotea njia. Kwa nini hakuna? Kwa sababu kile kiambishi wa- kilicho mwanzoni mwa "walifagia" kimenyoosha mkono nyuma na kumshika "wanafunzi". Weka mkato, weka kistari, weka hata picha katikati; mkono ule hauachii.

Ihamishie Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, akiwa na pumzi ileile, anaandika: "The pupils who came late, swept the yard." Kalamu nyekundu inashuka. Anaambiwa mkato hautakiwi, hapewi sababu, na akiuliza anaambiwa ndivyo Kiingereza kilivyo. Sababu ipo. "Swept" haina kiambishi. Haijui ni ya nani, wa kwanza wala wa tatu, mmoja wala wengi. Kinachoifunga kwa "pupils" ni nafasi yake tu katika mstari, na ukichomeka mkato mmoja pale, umeikata kamba pekee iliyokuwepo.

Ongeza mkato wa pili, baada ya "pupils", na kalamu nyekundu itakaa kimya, ila maana imegeuka. "The pupils, who came late, swept the yard": sasa wamechelewa wote, na wote wamefagia. Bila mikato yote miwili, wamefagia wale waliochelewa tu, na waliowahi wako darasani wanawachungulia dirishani. Uwanja uleule, tofauti ya watu pengine thelathini, na inabebwa na vijistari viwili visivyotamkika. Mwingereza mwenyewe akisoma kwa sauti anavidokeza kwa kushusha sauti kidogo, na wengi hata hawavidokezi.

Mswahili anapotaka kutofautisha hayo mawili hagusi mkato kabisa. Anageuza kitenzi. "Waliochelewa walifagia." "Walichelewa wote, wakafagia." Kile kirejeshi -o- kilichopachikwa tumboni mwa kitenzi kinafanya kazi ambayo Kiingereza kimevipa vijistari. Na hii -ka- ya "wakafagia" inastahili kutazamwa peke yake. Kwa Kiswahili unaweza kuandika "treni ilifika, tukapanda, ikaondoka" na mwalimu asikwambie lolote, maana -ka- imekwisha kuunganisha mabehewa. Kwa Kiingereza ukiziunganisha sentensi tatu namna hiyo kwa mikato mitupu, umefanya kosa ambalo limewatia adabu vizazi vingi vya wanafunzi. Unatakiwa ulete kiunganishi, au nukta, au ile nukta mkato ambayo kwetu haina kazi nyingi. Nimewasikia walimu wakilalamika kwamba vijana wetu hawajui kutumia nukta mkato. Wataijuaje, ilhali lugha yao imekuwa nayo tangu zamani ndani ya vitenzi, kwa jina la -ka-?

Ritifaa nayo. Kile kialama kidogo kinachoning'inia juu, mtoto wetu anakikuta kwanza kwenye ng'ombe. Kwake ni sehemu ya herufi. Kinaeleza sauti. Anafika sekondari anakikuta kwenye "the boy's book", ambako hakielezi sauti yoyote. Kinaeleza nani mwenye mali. Kikihama hatua moja tu, "the boys' book", mali imehamia kwa wengi, na sikio halikusikia chochote, kwa kuwa matamshi ni yaleyale. Kiswahili kingesema kitabu cha mvulana, kitabu cha wavulana, na kipofu angeelewa. Hapo Kiingereza kimeliachia jicho peke yake kazi ya kumjua mwenye mali. Halafu, kama kuwakomoa wageni, "its" ya kumiliki haina ritifaa na "it's" ya kufupisha inayo. Wenyewe wazawa huikosea kwenye vibao vya maduka yao, London mpaka Chicago, kwa hiyo kijana wa Kisaki asijione yatima.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia neno la Kiingereza la mwimbaji hivi: "sing'er". Nilimkata maksi. Nikafika nyumbani, nikala, nikalala, na usiku nikagundua kwamba alikuwa na akili kuliko mimi. Kwa tahajia ya Kiswahili, ng bila ritifaa inatamkwa kama kwenye ngoma, na ng' kama kwenye ng'ombe. Alisikia sauti ya ng'ombe katika neno lile, akaiandika ilivyo. Kiingereza kina sauti zote mbili na kinaziandika kwa namna moja, bila aibu. Maksi ile sikumrudishia, maana mtihani si wangu.

Hiyo ritifaa ya ng' ndiyo alama yetu inayobeba mzigo kuliko zote. Kung'oa ni kung'oa muhogo. Ngoa ni wivu na uchu, ile anayoililia mtu aonapo mwenzake amepata. Ukipanda treni Kisaki kuelekea Mlimba utapita Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Ondoa ritifaa unapata Mangula, ambalo ni jina la ukoo la watu wengine kabisa, wa huko Nyanda za Juu. Wasukuma wenye majina yanayoanza na Ng'wana wanayajua mateso haya: cheti cha kuzaliwa kina ritifaa, cha shule hakina, mfumo wa kompyuta unaikataa kana kwamba ni uchafu, na mtu analipa wakili aandike kiapo kwamba yeye na yeye ni mtu mmoja. Waganda, katika tahajia yao rasmi ya 1947, waliipa sauti hiyo herufi yake kamili, ŋ, yenye mkia. Ilikuwa busara. Kwenye simu, hata hivyo, nao wamerudi kwenye ng', kwa kuwa mkia ule haumo kwenye vitufe vya kawaida.

Mfuatano wangu mpaka hapa unaweza kumfanya msomaji aone kwamba Kiswahili, kwa wingi wa viambishi vyake, kingeweza kuishi bila alama. Hapana. Mapengo yake yako mahali pengine.

La kwanza ni swali. Kiingereza kikitaka kuuliza kinapindua maneno, kitenzi kisaidizi kinatangulia mbele, na msomaji anajua kabla hajafika mwisho kwamba anaulizwa. Alama ya kuuliza inamsubiri stesheni kama ndugu aliyekuja kumpokea mgeni ambaye tayari anaijua nyumba. Kwa Kiswahili maneno hayapinduki. "Umefika." "Umefika?" Herufi ni zilezile, mpangilio ni uleule, na kwa mdomo tofauti iko kwenye sauti peke yake. Tunalo neno "je" la kusaidia, lakini nani anaandika "je" kwenye ujumbe wa simu? Mtu yuko Dar es Salaam, mkewe yuko Kisaki, anapokea neno moja tupu: "Umefika". Anaulizwa, au anaambiwa ameonekana? Kile kindoana chenye nukta chini yake kingemaliza shauri. Nikiambiwa leo nichague alama moja tu ya kuwapigia debe Waswahili wanaoandika kwa vidole gumba, nitachagua hiyo, na mkato nitauacha usubiri.

La pili linatokana na uhuru wetu wa kukiweka kiima nyuma. "Amekuja mwalimu" ni taarifa kwamba mwalimu amewasili. "Amekuja, mwalimu" ni mwanafunzi anamjulisha mwalimu kwamba fulani amewasili. Kiingereza hakina hatari hii katika sentensi kama hiyo, maana kiima chake hakitoki mbele kirahisi. Na kibao cha zamani cha HAPANA RUHUSA KUPITA, ambacho kila Mtanzania amekiona kwenye lango fulani, kinasubiri tu mtundu mmoja mwenye chaki aweke mkato baada ya neno la kwanza: HAPANA, RUHUSA KUPITA. Lango limefunguka.

Kwa hiyo mizigo haikugawanywa sawa. Kila lugha ina alama zake za kubeba, na ziko pale ambapo sarufi yake imeacha pengo. Alama ya kuuliza ni mpagazi kwa Kiswahili na mpambe kwa Kiingereza. Mkato wa kirejeshi ni mpagazi kwa Kiingereza na kwetu hana kazi. Mtoto akifundishwa pumzi peke yake, anabeba kipimo kimoja kwenda nacho kwenye mizani mbili.

Ziko sehemu ambazo lugha zote mbili zina pengo moja, na hapo ndipo sheria hulala. Mwaka 1916 Mahakama Kuu ya London ilimhukumu Roger Casement, Mwirelandi aliyewahi kuwa konseli wa Uingereza Kongo, yule ambaye ripoti yake ya 1904 ilifichua ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko. Kosa lake lilikuwa uhaini: alikwenda Ujerumani, katikati ya vita, kutafuta msaada kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Sheria iliyotumika ilikuwa ya 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha kale, na vituo vyake vilikuwa vya kutiliwa shaka. Ilimtaja mtu anayeambatana na maadui wa Mfalme katika nchi yake, akiwapa msaada na faraja katika nchi hiyo, au kwingineko. Maneno "au kwingineko" yanamrudia nani? Kama yanarudi kwenye msaada tu, basi mhaini lazima awe ndani ya nchi, na Casement alikuwa Ujerumani. Kama yanaruka kurudi mpaka kwenye kuambatana, hana pa kuponea. Majaji walikwenda kuitazama hati ya asili, wakiinamia vialama vilivyofifia juu ya ngozi. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916, na tangu hapo imesemwa kwamba alinyongwa kwa mkato.

Tarehe 26 ya mwezi huohuo, katika vita hivyohivyo, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, na mapema Septemba yakapambana na watu wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hapahapa Kisaki na kushindwa raundi ya kwanza. Wakutu wa mahali hapo walikuwa wakiambatana na Wajerumani siku hizo, kwa sababu Wajerumani walikuwa wamekaa kwao na kuwatwika mizigo. Mahali pao pa kuambatana hapakuhitaji tafsiri ya jaji.

Sheria ile ya Casement kwa Kiswahili isingekuwa na nafuu. Nimeijaribu mara kadhaa. "Kwingineko" yetu inaelea vilevile, kwa sababu kielezi cha mahali hakina kiambishi cha kukishika. Ndivyo ilivyo pia kwa kesi ya madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, huko Maine, Marekani. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizolipiwa muda wa ziada, na mwisho wa orodha ikataja kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza bidhaa, bila mkato kabla ya "au". Madereva walisambaza, hawakufungasha. Wakasema: kilichotajwa ni kufungasha, ama kwa kusafirisha ama kwa kusambaza, na sisi hatufungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona utata huo ni wa kweli ikawapa haki, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Soma tena tafsiri niliyoiandika hapo juu: "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza". Kwetu utata umezidi, kwani vitenzi vyote vitatu vimevaa ku- moja kama sare ya shule. Kiingereza angalau kilikuwa na namna mbili za maneno za kubishania.

Hili si la mbali. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na sheria zilizorithiwa kwa Kiingereza zinahamishwa, moja baada ya nyingine. Anayetafsiri akibeba na mikato ya Kiingereza ilivyo, anaweka walinzi kwenye milango isiyokuwepo na kuacha wazi iliyopo. Kwenye orodha kama ile ya maziwa, dawa ya Kiswahili si mkato hata kidogo. Ni kurudia "kwa ajili ya" panapohusika na kuanza upya panapoishia. Inachosha kusoma, ila inalinda.

Kwenye pesa tumejitengenezea alama yetu wenyewe, na napenda kuisifia kwa sababu hakuna anayeisifia. Ingia duka lolote la Kisaki Stesheni, utazame bei: 1,000/=. Mkwaju na vistari viwili. Shilingi ilipoletwa Afrika Mashariki mwaka 1921, ilikuja na desturi ya Uingereza ya kuandika shilingi na peni zikitenganishwa kwa mkwaju: 5/6 ilikuwa shilingi tano na peni sita, na 5/- ilikuwa shilingi tano kamili, kistari kikijaza pengo la peni ambazo hazipo. Mkwaju wenyewe, kwa jina la wachapaji, ni solidus, sarafu ya Kirumi. Waingereza waliiacha hesabu hiyo tarehe 15 Februari 1971. Sisi hatukuwahi kuwa na peni ndani ya shilingi, senti nazo zimetoweka mifukoni, lakini alama imebaki, na kistari kimezaa pacha. Kwenye risiti inabeba mzigo halali: inafunga mlango, mtu asiongeze sifuri. Mwanafunzi akiandika 1,000/= katika insha ya Kiingereza, sielewi kwa nini akatwe. Ni Kiingereza cha hapa.

Ule mkato wa ndani ya tarakimu una hila zake. Reli ya TAZARA, Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ina kilomita 1,860. Mwalimu wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa, ambako mkato ndio unaotenga sehemu za desimali, akiisoma namba hiyo ataona reli isiyofika kilomita mbili. Yeye na mwalimu wa Kisaki wote wanazungumza Kiswahili.

Nukta za dukuduku nazipitia haraka, ingawa jina lake ni zuri kuliko yote: nukta tatu kwa jambo lililobaki moyoni. Wazee wetu kwenye simu wamezifanya kuwa alama ya kila kitu, "Salaam......hali zetu nzuri......fedha nimepata......", na vijana wanawacheka. Mimi siwacheki. Wamerudi kwa Aristophanes: nukta ni pumzi, na nyingi ni pumzi ndefu.

Nimebakiza neno moja, dogo kuliko yote, ambalo limenipa kazi nyingi kuliko Kiingereza chote. Neno "na". Linaunganisha, linaonyesha mtenda, linaonyesha kuwa pamoja, na halibadiliki sura. Niliwahi kukaribishwa kwenye kikao cha watumia maji katika kijiji kimoja upande wa chini wa Uluguru. Katibu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alisoma muhtasari wa kikao kilichopita kwa kasi ya mtu anayetaka kuwahi chakula. Akafika hapa: "Fedha zilihesabiwa na mweka hazina na mwenyekiti alizipeleka Morogoro." Mzee mmoja aliyeketi pembeni, fimbo kati ya magoti, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, zilihesabiwa na wangapi?"

Ukumbi ukanyamaza. Kijana akaitazama karatasi, akaona alichoandika, akachomoa kalamu mfukoni akaweka mkato baada ya "mweka hazina". Akainua uso.

"Nimesharekebisha, babu. Alihesabu mweka hazina peke yake."

"Mimi sijaona ulichorekebisha," mzee akasema. "Soma tena."

Kijana akasoma tena. Safari hii, alipofika kwenye mkato, alitua, akavuta hewa, kisha akaendelea na mwenyekiti. Mzee akatikisa kichwa polepole, akamgeukia mweka hazina.

"Haya. Kwa nini ulihesabu peke yako?"